Viwimbi vya mkondo kwenye pawa saplai ya swichi: soma umbo kwanza, kapasita baadaye

Malalamiko yanayotokana na viwimbi vya mkondo huja kwa sura nyingi. Koili inachemka kiasi cha kutoshikika. Kapasita zinavimba vichwa hata mwaka haujaisha. Kikuza sauti kinavuma, kihisi kinatoa namba zinazorukaruka, taa za LED zinaacha mistari kwenye kamera ya simu. Fundi akiona hivyo, mkono wake wa kwanza huenda kwenye boksi la kapasita: anaongeza moja, anaongeza mbili, na mara nyingine hali inazidi kuwa mbaya. Huko ni kupiga ramli.

Kigeuzi cha swichi, yaani saketi inayobadilisha volti kwa kuwasha na kuzima swichi kwa kasi, lazima kiwe na viwimbi. Swichi ikiwaka, mkondo wa koili unapanda, ikizimika, unashuka. Kwa hiyo swali ni viwimbi vya aina gani, vya frikwensi gani, na vya ukubwa gani ukilinganisha na vile hesabu inavyotaka. Pembetatu safi ina sababu zake, pembetatu iliyopinda ina zake, miiba mikali ina zake, na wimbi la polepole ni kesi nyingine kabisa. Ukishalijua umbo, mara nyingi mshukiwa anabaki mmoja au wawili tu.

Kwanza, hakikisha unachokiona kipo kweli

Sehemu kubwa ya "viwimbi" vinavyolalamikiwa hutengenezwa na kipimo chenyewe. Proba ya oskiloskopu ina waya wa graundi wenye klipu ya mamba. Ule waya pamoja na ncha ya proba hufanya kitanzi, na kitanzi hicho ni antena inayodaka uga sumaku wa koili iliyo pembeni. Utaona miiba ya mamia ya milivolti ambayo mzigo wako hauioni hata kidogo.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi: shika ncha ya proba na klipu yake zote mbili kwenye nukta ileile ya graundi, karibu na koili. Kama miiba bado ipo kwenye skrini, unapima hewa. Vua kofia ya proba, weka springi fupi ya graundi kwenye shingo yake, na uguse moja kwa moja miguu ya kapasita ya upande wa kutokea. Washa kichujio cha 20 MHz cha oskiloskopu unapotafuta ukubwa wa viwimbi vya kawaida. Kizime unapowinda miiba.

Multimita haina kazi hapa. Nyingi hazisomi AC ipasavyo zaidi ya kilohazi chache, na kigeuzi chako kinapiga 100 kHz au zaidi. Itakuonyesha namba, ndiyo, lakini namba hiyo haina maana.

Mkondo wenyewe unapimwaje? Inua mguu mmoja wa koili, ule wa upande wa kutokea, uunganishe kipande kifupi cha waya, kisha upitishe proba ya mkondo juu yake. Usiinue mguu wa upande wa swichi: pale volti inaruka juu na chini kwa kasi kubwa na kipimo chako kitajaa takataka. Huna proba ya mkondo? Resista ya 0.05 Ω mahali pale pale inatosha. Viwimbi vya 0.6 A vitakupa takribani milivolti 30, ambazo oskiloskopu ya kawaida inazisoma bila shida.

Na jambo la usalama, maana hili linaua. Pawa saplai inayokula umeme wa ukutani wa 230 V ina takribani 325 V DC kwenye kapasita kuu, na chaji hiyo hubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Graundi ya oskiloskopu imeungwa kwenye ethi ya jengo. Ukibana klipu yake kwenye graundi ya upande wa msingi wa transfoma, unafunga njia fupi kupitia daraja la dayodi, zile dayodi nne zinazogeuza AC kuwa DC: bodi inalipuka, proba inaungua, na wewe uko karibu. Tumia proba ya difa (inayopima tofauti ya volti kati ya nukta mbili bila kuunga graundi), au lisha kifaa kinachopimwa kupitia transfoma ya kutenganisha. Kukata waya wa ethi wa oskiloskopu si suluhisho. Unafanya mwili mzima wa oskiloskopu uwe na umeme.

Hesabu ya kuanzia

Huwezi kusema viwimbi ni vikubwa kama hujui vinapaswa kuwa vingapi. Kwa kigeuzi cha kushusha volti:

ΔI = Vout × (1 − D) / (L × f)

ΔI ni ukubwa wa viwimbi vya mkondo, L ni indaktansi ya koili, f ni frikwensi ya swichi, Vin ni volti ya kuingilia na Vout ya kutokea. D ni sehemu ya muda ambayo swichi imewaka, nayo ni takribani Vout gawanya kwa Vin. Chukua kigeuzi cha 12 V kwenda 5 V, koili ya 33 µH, frikwensi 150 kHz. D ni 0.417. ΔI inatoka 0.59 A, kilele hadi bonde. Kama mzigo ni 3 A, hiyo ni asilimia 20 hivi, na wabunifu wengi hulenga kati ya asilimia 20 na 40. Kwa hiyo 0.59 A hapa si ugonjwa, ndivyo kilivyozaliwa.

Shika na hesabu hii ya kinyume, ndiyo inayosaidia zaidi mezani. Swichi ikiwa imewaka, koili inabeba 12 − 5, yaani 7 V, kwa mikrosekunde 2.78. Pima ΔI kwenye skrini, halafu:

L = 7 × 2.78 / ΔI

Jibu linatoka kwa mikrohenri. Ukisoma 0.59 A, unapata 33. Ukisoma 0.9 A, koili yako ni kama 21.6 µH tu wakati inafanya kazi, hata kama mwili wake umeandikwa 330, alama ya 33 µH. Umeipima koili ikiwa imebeba mzigo halisi, jambo ambalo mita ya LCR (ya kupimia koili na kapasita) ya kawaida haifanyi.

Dalili: pembetatu safi, lakini kubwa kuliko hesabu

Mistari imenyooka, imepanda na kushuka vizuri, ila urefu ni mara moja na nusu au mbili ya ulivyotarajia. Hapa kidhibiti, ile chipu inayoamua swichi iwake na kuzima lini, kinafanya kazi yake. Moja ya namba za kwenye fomula ndiyo imebadilika.

Anza na frikwensi, kwa sababu unaisoma bila kugusa chochote. Kama chipu imewekewa frikwensi kwa resista na kapasita za nje, resista iliyopanda thamani au kapasita iliyobadilishwa na ya aina nyingine inaishusha. Frikwensi ikishuka hadi nusu, viwimbi vinakuwa mara mbili.

Kisha koili. Hapa kosa la kawaida ni la kusoma alama: 330 maana yake ni 33 na sifuri hakuna, yaani 33 µH; 331 ni 330 µH; 100 ni 10 µH. Mtu akiweka ya 100 akidhani ni mikrohenri mia, kwenye mfano wetu ΔI inaruka hadi 1.94 A na kilele cha mkondo kinakaribia 4 A kwa mzigo wa 3 A. Kigeuzi kitafanya kazi, volti itakuwa sahihi, na kila kitu kitachemka. Kumbuka pia koili nyingi huuzwa kwa uvumilivu wa asilimia 20 juu au chini, kwa hiyo tofauti ndogo na hesabu isikukoseshe usingizi.

Volti ya kuingilia nayo. Wengi hudhani ikipanda, viwimbi vitapungua kwa sababu swichi inawaka muda mfupi zaidi. Ni kinyume. Kigeuzi kilekile kikilishwa 24 V badala ya 12 V, D inashuka hadi 0.21 na ΔI inapanda hadi 0.8 A.

Kama kila kitu ni sahihi na bado unataka viwimbi vipungue, una njia mbili za moja kwa moja: ongeza L au ongeza f. Koili kubwa inachukua nafasi, ina waya mrefu wenye ukinzani zaidi, na inafanya kigeuzi kijibu polepole mzigo unapobadilika ghafla. Frikwensi ya juu inaongeza hasara kwenye swichi kila inapowaka na kuzima. Mimi huchagua koili kwanza. Kupandisha frikwensi kwenye bodi ambayo haikuundwa kwa ajili hiyo huhamishia joto kwenye mosfeti (transista inayofanya kazi ya swichi), na mosfeti haina uvumilivu wa koili.

Dalili: pembetatu inayopinda juu kama ncha ya kisu

Mstari unaanza kupanda kwa unyoofu, kisha karibu na kilele unajikunja kuelekea juu. Hapa huhitaji kutafuta tena: kiini cha koili kimeshiba. Kiini kikishashiba sumaku, indaktansi inaanguka, na mkondo unapanda kwa kasi kwa sababu hakuna tena cha kuuzuia.

Viini vya feriti na vya unga wa chuma hushiba kwa tabia tofauti. Feriti inabaki imara hadi mwisho kisha inaanguka ghafla. Mpindo wake ni mkali. Unga wa chuma hulegea taratibu, kwa hiyo mpindo ni mpole na huanza mapema. Feriti pia ina tabia mbaya ya kushiba mapema zaidi ikipata joto: kiini kinachobeba karibu 0.5 T (tesla, kipimo cha nguvu ya sumaku) kwenye joto la chumba hubaki na kama 0.4 T au chini yake kwenye 100 °C. Ndiyo maana kuna pawa saplai inayofanya kazi vizuri asubuhi na kuzima yenyewe baada ya saa moja. Koili inapata joto, inashiba mapema, mkondo wa kilele unapanda, joto linaongezeka, hadi kinga ya mkondo inaikata.

Katalogi ya koili huandika mikondo miwili. Mmoja ni wa kushiba, mwingine ni wa joto. Fundi anayebadilisha koili hulinganisha µH na ukubwa wa umbo, basi. Linganisha mkondo wa kushiba na kilele, wala si na mzigo: kwenye mfano wetu, mzigo ni 3 A lakini kilele ni 3.3 A, na wakati wa kuwasha au kuzidiwa mkondo unaweza kufika hadi kikomo cha chipu. Koili ishibe juu ya kikomo hicho, ikiwa inawezekana.

Kwenye transfoma ya kuruka nyuma, ile ya chaja ndogo, sababu nyingine ya kushiba ni pengo la hewa la kiini. Transfoma iliyofunguliwa ikasukwa upya na kufungwa bila karatasi ya pengo itashiba papo hapo, na mosfeti haitaishi sekunde moja.

Dalili: mkondo wa koili ni mzuri, lakini volti ya kutokea inacheza

Pembetatu ya mkondo ina ukubwa uleule wa hesabu, lakini milivolti za kutokea zimeongezeka mara tatu au nne. Sasa ndipo kapasita inaingia mahakamani, na kosa lake kwa kawaida si uwezo wake wa mikrofaradi. Ni ukinzani wake wa ndani, ESR.

Angalia namba. Kapasita ya 220 µF kwenye 150 kHz inaongeza kutokana na mikrofaradi zake takribani 2 mV tu kwa ΔI ya 0.59 A. ESR ya 0.1 Ω inaongeza 59 mV. Kapasita ikizeeka na ESR ikafika 0.5 Ω, unapata karibu 300 mV, na mita ya mikrofaradi bado inaweza kukuambia ina 200 µF na iko salama. Kwa hiyo kununua kapasita "kubwa zaidi" ya aina ya kawaida hakusaidii kama unavyodhani; nunua ya ESR ndogo, au weka kadhaa sambamba. Kapasita isiyovimba pia inaweza kuwa mbovu. Mita ya ESR inamaliza mjadala huu bila kutoa kapasita kwenye bodi, mradi umeitoa chaji kwanza.

Umbo la volti linasaidia hata hapa. Likifanana na pembetatu ya mkondo, ESR ndiyo inatawala. Likiwa limeviringika kama vilima, mikrofaradi ndizo chache. Na likiwa na ngazi ndogo ya ghafla kila swichi inapobadilika, hiyo ni indaktansi ya miguu ya kapasita na njia za shaba: nanohenri 20 tu dhidi ya koili ya 33 µH kwenye 12 V zinatoa ngazi ya 7 mV.

Kapasita za kauri zina ESR ndogo sana lakini zina udanganyifu wake. Zile za X5R na X7R hupoteza uwezo zikiwekewa volti ya DC. Kidonge kidogo cha 22 µF cha 6.3 V kikiwa kwenye reli (njia ya kutoa umeme) ya 5 V kinaweza kubaki chini ya nusu ya kilichoandikwa. Y5V ni mbaya zaidi: viwango vyake vinaruhusu kupoteza hadi asilimia 82 ndani ya masafa yake ya joto, kabla hata ya kuhesabu volti. Ukichagua kauri, chagua ya volti mara mbili ya reli, na umbo kubwa kidogo.

Halafu kuna mtego ambao umewatoa jasho mafundi wengi. Vigeuzi vya muundo wa zamani vilitegemea ESR ya kapasita ya elektroliti ili mzunguko wa mrejesho, unaorudisha volti ya kutokea kwa kidhibiti, utulie. Ukiitoa ukaweka kauri tupu yenye ESR karibu na sifuri, unaondoa kitu ambacho mbunifu alikihesabia, na kigeuzi kinaanza kuyumba kwa frikwensi ya kilohazi chache. Viwimbi vya 150 kHz vimepungua kweli, lakini sasa kuna wimbi jipya kubwa zaidi. Soma karatasi ya data ya chipu: nyingi husema wazi ESR ya chini kabisa inayoruhusiwa.

Dalili: miiba mikali kwenye kila kona

Kila swichi inapobadilika, mwiba mwembamba unaruka kisha unatetema na kufa. Umeshahakikisha si proba. Kuongeza mikrofaradi hakutaigusa miiba hii, kwa sababu frikwensi yake ni makumi ya megahazi, na huko kapasita kubwa ya elektroliti inafanya kazi kama koili.

Chanzo ni kitanzi cha mkondo unaokatwa ghafla. Kwenye kigeuzi cha kushusha, kitanzi hicho kinatoka kwenye kapasita ya kuingilia, kinapita swichi, dayodi, na kurudi kwenye kapasita. Kadiri kinavyokuwa kipana, ndivyo kinavyotetema. Dawa bora ni kauri ndogo iliyoketi milimita chache kutoka kwenye miguu ya chipu, ikigusa Vin na graundi kwa njia fupi na pana. Bodi ya bei poa mara nyingi imeiweka elektroliti pale mbali na kusahau kauri kabisa. Kulehemu kauri hiyo moja kwa moja kwenye miguu ya chipu kunabadilisha picha ya skrini papo hapo.

Dayodi nayo. Kama mtu alitoa Schottky, dayodi inayofunga haraka, akaweka dayodi ya kawaida ya kurekebisha umeme kwa sababu tu amp na volti zinalingana, dayodi hiyo huchelewa kufunga, mkondo unarudi nyuma kwa muda, kisha unakatika kwa kishindo. Miiba na joto vinakuja pamoja.

Vyote hivyo vikiwa sawa, weka kizimia mtetemo: resista na kapasita mfululizo, kutoka nodi ya swichi (pale swichi inapokutana na koili) hadi graundi. Usikisie thamani zake. Pima frikwensi ya mtetemo, tuseme 100 MHz. Ongeza kapasita ndogo kwenye nodi hadi frikwensi ishuke nusu, 50 MHz. Kama ilihitaji 300 pF, basi kapasita ya vimelea, ile iliyojificha kwenye saketi yenyewe, ilikuwa theluthi yake, 100 pF. Indaktansi ya vimelea inatoka karibu 25 nH, na resista inayofaa ni kipeuo cha pili cha 25 nH gawanya kwa 100 pF: kama 16 Ω. Weka resista ya 16 Ω au inayokaribia, pamoja na ile ile 300 pF. Hasara yake ni C × V² × f; kwa 12 V na 150 kHz ni miliwati 6.5, haina uzito. Kwenye 325 V hesabu hiyo hiyo inakuwa wati karibu 5, na hapo ni lazima ufikirie mara mbili.

Dalili: pigo refu, pigo fupi, pigo refu, pigo fupi

Mapigo ya swichi yanapishana. Kwenye skrini frikwensi inaonekana imekuwa nusu, koili inaweza kuanza kuimba kama nusu hiyo imeingia kwenye masafa ya sikio, na viwimbi vinakuwa vikubwa bila kitu chochote kuharibika. Kapasita mpya haisaidii, koili mpya haisaidii.

Hii ni tabia ya vidhibiti vinavyokata kwa kilele cha mkondo pale D inapozidi 0.5. Kwa kigeuzi cha 5 V, hilo linatokea Vin ikishuka chini ya 10 V hivi. Kwa hiyo dalili yake ya kawaida ni kifaa cha betri kinachofanya kazi vizuri betri ikiwa imejaa na kuanza kupiga kelele inapokaribia kuisha. Kosa dogo la mkondo katika mzunguko mmoja linakuzwa katika unaofuata badala ya kupungua.

Dawa ni fidia ya mteremko: kidhibiti huongezewa mwinuko bandia ambao angalau ni nusu ya mteremko wa mkondo unaoshuka kwenye koili. Kwa 5 V na 33 µH mteremko ni 0.15 A kwa mikrosekunde, kwa hiyo fidia isipungue 0.076 A kwa mikrosekunde. Chipu nyingi za sasa zina fidia ndani, iliyopangwa kwa koili za kiasi fulani. Ukiweka koili ndogo mno, mteremko unazidi fidia na tatizo linarudi. Ukiona mapigo yakipishana baada ya kubadilisha koili, rudisha thamani ya mbunifu kabla ya kufikiria lingine. Hakikisha pia si kelele tu zinazoingia kwenye mguu wa kupima mkondo. Kapasita ndogo ya kichujio iliyopasuka hapo inaleta picha inayofanana sana, ila yenyewe haijali D.

Dalili: wimbi la polepole

Weka oskiloskopu kwenye milisekunde 5 kwa kila mraba. Ukiona wimbi la 100 Hz kwenye umeme wa ukutani wa 50 Hz, (120 kwa wa 60), unaona mabaki ya urekebishaji. Kapasita kuu imechoka, au mrejesho hauna nguvu ya kuyafuta. Ukiona 50 badala ya 100, geukia daraja la dayodi: moja imekatika na daraja linafanya kazi nusu.

Kwenye pawa saplai yenye sehemu ya kurekebisha kipeo cha nguvu (PFC, inayolainisha umbo la mkondo unaovutwa ukutani), 100 Hz kwenye kapasita ya 400 V ni halali. Kwa 300 W na 220 µF ni karibu 11 V kilele hadi bonde, na kidhibiti kimefanywa kizito makusudi kisiifute, maana kikiifuta kitaharibu umbo la mkondo unaovutwa ukutani. Kuifuta ni kazi ya hatua inayofuata. Viendeshi vya LED vya hatua moja havina hatua hiyo ya pili, ndiyo maana mistari ya kamera inatokea hata kwenye kiendeshi kizima kabisa.

Wimbi la polepole lisilofungamana na 50 wala 100 linaweza kuwa mpigo wa vigeuzi viwili: kimoja 300 kHz, kingine 305 kHz, na kwenye reli vinayochangia unapata 5 kHz. Zima kimoja, likitoweka, umempata. Ziendeshe kwa mapigo ya pamoja kama chipu zina mguu wa kusawazisha, au ziachanishe frikwensi kwa umbali ambao tofauti yake haikusumbui.

Na kama linatokea tu mzigo ukiwa mdogo, mapigo machache, kimya, mapigo machache, liache. Chipu inaruka mapigo ili isile umeme bure. Kama mzigo wako haupendi hali hiyo, tafuta mguu wa kulazimisha frikwensi ya kudumu.

Upande wa kuingilia, ambao kila mtu anausahau

Kwenye kigeuzi cha kushusha, mkondo wa kutokea umelainishwa na koili, lakini wa kuingilia unakatwa vipande. Kwenye mfano wetu wa 3 A, kapasita ya kutokea inabeba viwimbi vya 0.17 A RMS (thamani inayolingana na joto la mkondo). Ile ya kuingilia inabeba 1.48 A. Karibu mara tisa! Fomula yake ni mzigo mara kipeuo cha pili cha D × (1 − D), na ubaya wake wa mwisho ni D ikiwa nusu. Kwa hiyo kapasita zinazokufa mapema tafuta kwanza upande huo, na uangalie kiwango chake cha mkondo wa viwimbi kwenye katalogi. Maisha ya elektroliti hupungua kwa nusu hivi kwa kila nyongeza ya 10 °C. Kwenye kigeuzi cha kupandisha mambo yanageuka: kuingilia ni laini, kutokea kunakatwakatwa.

Ukiweka koili ya ziada mbele ili viwimbi visirudi kwenye chanzo, jihadhari. Kigeuzi kinakula nguvu ileile hata volti ikishuka, kwa hiyo kwa kichujio kinaonekana kama ukinzani hasi: 12 V na 16 W ni kama −9 Ω. R. D. Middlebrook alionyesha mwaka 1976 kwamba kichujio chenye ukinzani wa kutokea unaozidi huo, kwenye frikwensi yake ya mtetemo, huyumbisha mfumo mzima. Ukiona volti ya kuingilia inapiga mbizi na kupanda kwa kilohazi chache baada ya kuongeza kichujio, ongeza elektroliti sambamba na kauri zake, yenye mikrofaradi mara nne au zaidi, na ESR inayokaribia kipeuo cha pili cha L/C ya kichujio. Hapa ESR unaihitaji. Kapasita "bora" zaidi itakuangusha.

Ikibaki haitoshi

Mzigo ukiwa mkubwa, gawanya kigeuzi katika awamu mbili zinazopishana kwa nyuzi 180. Viwimbi vyao vinafutana, na D ikiwa 0.5 hasa vinafutana vyote. Awamu zikiacha kugawana mkondo sawa, ufutaji unavunjika na frikwensi ya awamu moja inaonekana kwenye reli: ni dalili ya koili moja iliyo tofauti au kiungo cha lehemu kilichopasuka kwenye resista ya kupimia.

Kwa saketi nyeti ya sauti au vipimo, kichujio cha pili cha koili ndogo na kapasita baada ya kigeuzi kinashusha viwimbi zaidi kuliko kuongeza kapasita kwenye hatua ya kwanza. Acha mrejesho ushikwe kabla yake, isipokuwa umeuhesabu upya.

Ukimaliza matengenezo, jaribu kwenye hali mbaya yenyewe. Kigeuzi cha kushusha kipime kwenye volti ya juu kabisa ya kuingilia. Cha kupandisha, kwenye volti ya kuingilia iliyo nusu ya inayotoka, kwani hapo ndipo viwimbi vya koili yake vinapofika kilele. Mzigo uwe kamili, na kiwe kimeshapata moto kwa saa nzima kabla hujaweka proba.